Sabufa ya mtumba iliyokufa amplifaya: tathmini ya bodi za TPA3116D2, TDA7294 na TPA3255

Sabufa ya mtumba inayouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "amplifaya imekufa ila spika nzima" ni ununuzi mzuri kwa anayejua anachochukua. Boksi zito la MDF na spika ya inchi 10 ndivyo vitu vya gharama. Kilichoharibika mara nyingi ni bodi ya nyuma tu. Nyingi ya zile zinazofika Kariakoo au Luthuli Avenue zilitengenezwa kwa soko la Marekani la volti 120 au Japani la volti 100, kisha mtu akazichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya. Moshi ukatoka, sabufa ikawekwa pembeni.

Bodi tatu za amplifaya, zinazoitwa kwa majina ya chipu zake, ndizo zinazopatikana kirahisi kama mbadala: TPA3116D2 ya mono (njia moja ya sauti), TDA7294 na TPA3255. Hukumu yetu tuiweke mezani mapema. TPA3116D2 pamoja na pawasaplai ya volti 24 inatosha sabufa nyingi za nyumbani za inchi 8 na 10 zenye spika ya omu 4, ila ukiifunga kwenye spika ya omu 8 utaona imechoka kabla sebule haijajaa. TDA7294 ina maana pale tu transfoma ya zamani ingali nzima. TPA3255 ni ya spika kubwa, na mfuko nao uwe mkubwa.

Hata hivyo wati ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Bodi iliyokufa haikuwa inakuza sauti tu. Ilikuwa inakata sauti za juu, inazuia mitetemo ya chini mno isiipasue spika, inapandisha kidogo besi ambayo boksi dogo haliwezi kuitoa lenyewe, na inajizima yenyewe. Ukiondoa vyote hivyo ukaweka chipu tupu, sabufa itapiga kelele lakini haitakuwa sabufa.

Kwanza hakikisha kilichokufa ni amplifaya

Fungua spika, toa waya zake mbili kwenye bodi, weka mita kwenye omu. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.8; ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma wazi kabisa, koili imeungua. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, nguvu ikiwa sawa pande zote. Isikwaruze. Mkwaruzo maana yake koili imepinda au imevimba kwa joto, na hapo unanunua boksi tupu. Hili lipimwe dukani kabla ya kulipa, kwa sababu amplifaya za aina ya zamani zikifa huachia umeme wa DC moja kwa moja kwenye spika, na anayekwambia "spika nzima" huenda hajaipima.

Sasa bodi. Kabla ya kuigusa, kumbuka kwamba kapasita kubwa za pawasaplai ya kisasa (isiyo na transfoma kubwa ya chuma) zinaweza kubaki na volti kama 325 hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe chaji kwa rizista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5 iliyounganishwa na waya wenye ganda zuri, si kwa ncha ya bisibisi.

Kuna makosa madogo ambayo hayahitaji bodi mpya hata kidogo. Sabufa ya volti 120 yenye pawasaplai ya kisasa iliyochomekwa kwenye 230 mara nyingi imejiokoa yenyewe: kile kisahani cha rangi ya bluu au chungwa kilicho karibu na fyuzi, yaani varista, kimepasuka na kuua fyuzi kabla madhara hayajaenda mbali. Badilisha varista na fyuzi, kisha ilishe kwa transfoma ya kushusha umeme, na huenda ikawaka. Yenye transfoma kubwa ya chuma, pima koili ya upande wa umeme wa ukutani. Ikisoma wazi, mara nyingi ni fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya tepu ya transfoma imekatika.

Kama taa inawaka lakini sauti haitoki, angalia chipu ndogo za miguu minane zinazoshughulikia sauti. Mguu wa 8 unatakiwa kuwa na karibu volti 15 chanya na mguu wa 4 volti 15 hasi. Zikikosekana wakati volti kubwa zipo, tatizo liko kwenye zile rizista nene na daiodi za zena zinazoshusha volti. Zinafanya kazi ya moto miaka yote, zinakausha ubao unaozizunguka mpaka unageuka kahawia, na risasi ya miguu yake inapata ufa. Ukiona pia gundi iliyogeuka kahawia chini ya kapasita, ikwangue yote. Gundi hiyo ikizeeka hupitisha umeme na kula waya za miguu, na kwa sabufa iliyokaa Zanzibar, Tanga au Mombasa, chumvi ya hewani huongeza kasi yake. Matengenezo ya namna hii ni ya bei ya rizista chache.

Ila kama transista za kutolea zimepiga shoti, zikaondoka na transista za kuziendesha, na ubao una shimo jeusi, achana nayo. Utabadilisha transista nne, utawasha, na ya tano ambayo hukuiona itaziua zote nne kwa sekunde moja.

TPA3116D2: bodi ndogo inayofanya kazi ya maana

Hii ni chipu ya Texas Instruments ya daraja D, yaani huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuupoteza kama joto. Inakubali umeme wa DC kuanzia volti 4.5 hadi 26, na ina ulinzi wa joto, wa shoti na wa DC kwenye spika. Ulinzi huo wa mwisho pekee ni sababu ya kuipenda, kwani chipu ikipata hitilafu kwa kawaida spika inabaki salama.

Wauzaji huandika "100W" kwenye bodi ya mono. Si uongo kamili, ila hizo wati 100 ni za spika ya omu 2. Hesabu yake haina siri: chukua volti za pawasaplai, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, gawa kwa mara mbili ya omu za spika. Kwa volti 24 na omu 4 unapata 72, ambazo kwa kweli ni kama 60 safi baada ya kutoa kinachopotea ndani ya chipu. Kwa omu 8 ni 36, yaani kama 30 safi. Kwa hiyo kabla ya kununua, pima spika yako. Wati 60 kwenye spika ya inchi 8 au 10 ndani ya chumba cha mita nne kwa tano ni besi ya kutosha kugombanisha majirani. Wati 30 kwenye inchi 12 ni aibu.

Usiichanganye na ndugu yake TPA3118D2 inayouzwa kwenye vibodi vidogo visivyo na hitisinki (alumini ya kupoza chipu). Chipu hiyo hutoa joto lake kupitia tumbo lake kwenda kwenye ubao; TPA3116D2 hulitoa kupitia mgongo, ndiyo maana lazima iwe na kipande cha alumini juu yake. Kwa sabufa ya omu 4 chukua yenye hitisinki.

Bodi za chipu hii hazifanani ubora, na tofauti unaiona kwa macho dukani. Angalia kwanza kapasita kubwa za umeme. Zikiandikwa 25V na wewe unataka kuilisha 24, ziache. Tafuta zenye 35V, au zibadilishe kabla ya kuwasha. Angalia koili za kutolea: ziwe zilizofunikwa na za unene wa maana. Koili nyembamba hushiba (sumaku yake hufika kikomo) kwenye besi nzito, zinachemka, na chipu inajizima katikati ya wimbo. Ukiona tundu la adapta la duara la milimita 5.5 kama njia pekee ya kuingizia umeme, uwe tayari kulehemu waya moja kwa moja chini yake, maana tundu lile halikuumbwa kwa ampea zinazotakiwa hapa. Na nyingi hazina ulinzi wa kugeuza chanya na hasi. Ukikosea waya mara moja, kazi imeisha.

Pawasaplai ndiyo itakayokula bajeti kuliko bodi. Mean Well LRS-150-24, ya volti 24 na ampea 6.5, inalingana vizuri na kazi hii. Ina mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuichomeka. La kwanza, ubavuni ina kiswichi cha 115 na 230. Kiweke 230, la sivyo utarudia kosa lililoiua sabufa. La pili, ina kiskrubu cha kurekebisha volti ambacho kinaweza kuipeleka kuanzia 21.6 hadi 28.8, wakati kikomo cha chipu ni 26. Pima kwa mita bodi ikiwa haijaunganishwa, weka 24.0, kisha tia tone la rangi ya kucha kwenye kiskrubu kisitembee kwa mtetemo. Adapta za kompyuta ya mkononi za volti 19 au 20 nazo zinafanya kazi na ni rahisi kupata za mtumba, lakini kwa volti 19 na omu 4 unabaki na wati 40 hivi.

Ikitokea besi nzito inakatakata kwa mapigo sawasawa, halafu inarudi, hiyo si bodi. Ni pawasaplai inajilinda kwa kuzidiwa, inazima na kujaribu tena. Kapasita ya maikrofaradi 4700 ya volti 35 karibu na bodi husaidia kwenye vilele vifupi. Usirundike kapasita tano ukidhani zaidi ni bora; pawasaplai itaona shoti kila inapowashwa na haitaanza.

Waya za spika ndipo mafundi wengi wanapoichoma. Chipu hii hutoa sauti kwa daraja, yaani pande zote mbili za spika zinaendeshwa. Hakuna upande ulio ethi. Ukitumia pleti ya zamani (bamba la chuma la nyuma ya boksi lililobeba bodi) ambayo hasi ya spika imeunganishwa na chuma cha pleti, umepiga shoti nusu ya amplifaya. Peleka waya mbili moja kwa moja hadi kwenye spika na uhakikishe kwa mita kwamba hakuna hata mmoja unaosoma kwenye chuma. Vilevile, ukipima kati ya tundu moja la kutolea na ethi utakuta kama volti 12 za DC. Hiyo ni kawaida kabisa. Bodi nzima kadhaa zimetupwa kwa sababu fundi aliona volti hizo akasema chipu imeungua. Kipimo cha maana ni kati ya tundu na tundu: pasiwe na zaidi ya milivolti chache.

Ukuzaji wa sauti ndani ya chipu huchaguliwa kwa rizista mbili kwenye ubao: desibeli 20, 26, 32 au 36. Bodi nyingi hazisemi ziko wapi, lakini unaweza kujua kwa masikio. Kwa 26, ishara ya karibu volti 0.8 inatosha kuifikisha mwisho, na hiyo inakaa vizuri na televisheni, dekoda au risiva. Kwa 32 volti 0.4 inatosha, nzuri kwa simu, lakini mvumo wa nyuma unasikika zaidi. Ya 36 haina faida kwenye sabufa.

Kuifunga ndani ya boksi

Pima tundu la pleti ya zamani kabla ya kukata chochote. Njia iliyo safi kuliko zote ni kuitumia pleti hiyohiyo ya chuma: ng'oa bodi iliyokufa, acha tundu la umeme, swichi, fyuzi na jeki, kisha funga bodi mpya na pawasaplai kwa nguzo ndogo za plastiki au shaba. Waya wa ethi kutoka ukutani lazima ufungwe kwenye pleti kwa skrubu na kwenye ethi ya pawasaplai. Fyuzi ya kuingizia iwe ya ampea 2 au 3.15, aina ya T inayochelewa kukatika, kwa sababu pawasaplai hizi huvuta pigo kubwa la umeme zinapowashwa na fyuzi ya haraka itakatika bila kosa lolote.

Ndani ya sabufa ni mahali pabaya kwa kitu chochote kilichosimama juu ya miguu miwili. Koili, kapasita ndefu na vifungo vya sauti vinatikiswa mara hamsini kwa sekunde, saa baada ya saa. Hitisinki iliyobandikwa kwa gundi hudondoka, na ikidondoka juu ya ubao huwa na mahali maalumu pa kudondokea: kwenye miguu ya umeme. Ifunge kwa skrubu au kwa kamba ya plastiki. Koili na kapasita zishikilie kwa silikoni, lakini iwe ile isiyo na harufu ya siki. Yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na hula shaba.

Halafu hewa. Pleti ikivuja, utasikia mluzi au mfukuto kwenye besi nzito, na boksi la kufungwa litapoteza kina chake. Bandika tepu ya sponji kuzunguka pleti yote, ziba matundu ya jeki ulizoziondoa, na kaza skrubu kwa mtindo wa kuvuka, si kwa kuzunguka.

Kilichopotea na bodi ya zamani

Bodi ya mono tupu inapitisha kila kitu, pamoja na sauti ya mtangazaji. Kama chanzo chako ni risiva ya sinema yenye jeki ya sabufa, hilo halikuhusu, risiva imeshakata. Kama ni televisheni, simu au redio, unahitaji filta ya kukata sauti za juu. Ipo bodi ya TPA3116D2 inayokuja na NE5532 (chipu ndogo ya miguu minane inayoshughulikia sauti) na kifungo cha kuchagua masafa, na kwa wengi hiyo ndiyo ya kununua. Anayependa kujitengenezea: nusu ya NE5532, rizista mbili za kilo-omu 12, kapasita ya nanofaradi 220 kwenye mrejesho na ya 100 kwenda ethi. Inakata karibu hezi 89, kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktavi, yaani kila masafa yanapoongezeka maradufu. Ukiweka rizista za kilo-omu 15 inashuka hadi hezi 71, ambayo tunaipenda zaidi kama spika za mbele ni za ukubwa wa kati. Kapasita ziwe za filamu, si zile za udongo za bei chee ambazo thamani yake hubadilika kwa joto na volti.

Kulia na kushoto viunganishwe kupitia rizista ya kilo-omu 10 kila upande. Kuvifunga pamoja kwa waya mtupu ni kuzipiganisha njia mbili za televisheni, na stereo ya spika zako za mbele inaweza kugeuka mono bila wewe kujua kwa nini.

Kazi iliyo hatari zaidi kuikosa ni kuzuia masafa ya chini mno. Sabufa yenye tundu la hewa ina masafa yake ya kupumulia, mara nyingi kati ya hezi 30 na 40. Chini ya hapo hewa ya boksi haiishiki tena koni. Inatembea mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana mpaka koili inagonga chuma. Utasikia "tak" kavu. Bodi ya zamani ilikuwa inakata huko, bodi mpya haikati. Kwenye bodi ya mono isiyo na NE5532 kuna dawa rahisi: kapasita ya kuingizia sauti. Chipu ikiwa kwenye desibeli 26 ina kilo-omu 30 kwenye mlango wake, kwa hiyo kapasita ya maikrofaradi 1 inayokuja nayo inaruhusu hadi hezi 5. Weka ya nanofaradi 220 na inaanza kukata kwenye 24. Kama bodi iko kwenye desibeli 32, mlango unashuka hadi kilo-omu 15 na kapasita ya kufanya kazi hiyohiyo ni ya nanofaradi 470. Ni mteremko mlaini, hautamlinda mtu anayetaka muziki wa baa, lakini "tak" inapungua sana nyumbani. Boksi la kufungwa lisilo na tundu halihitaji hili.

Kinyume chake, boksi dogo la kufungwa ndilo litakalolalamika kwamba besi imekuwa nyembamba. Bodi yake ya asili ilikuwa inaongeza desibeli kadhaa kwenye hezi 35 hadi 40. Ukiwa na risiva au programu ya simu yenye kurekebisha sauti, ongeza desibeli 3 hapo usikilize. Desibeli 3 ni mara mbili ya wati, kwa hiyo 6 inamaanisha wati 60 zako zinafanya kazi ya 15.

Kuna familia moja ambayo hatushauri kabisa kuibadilishia amplifaya bila kufikiri: Yamaha za YST. Kwenye hizo, amplifaya imebuniwa kutoa ukinzani hasi unaofuta sehemu ya ukinzani wa koili ya spika, na boksi limepangwa likitegemea hilo. Ukiweka TPA3116D2 itapiga, itakuwa na nguvu, lakini ile besi ya chini iliyotoka kwenye boksi dogo haitarudi. Hizo zitengenezwe bodi yake yenyewe, hata kama ni kwa kutafuta sabufa nyingine iliyokufa spika ili uchukue bodi.

TDA7294: kwa mwenye transfoma nzima

Chipu hii ya ST ni ya mtindo wa zamani, daraja AB (hupoteza umeme mwingi kama joto kuliko daraja D), na inalishwa volti chanya na hasi. Kikomo chake cha kazi ni 40 kila upande. Faida yake kubwa ni kwamba inaweza kutumia transfoma, daiodi na kapasita za sabufa yenyewe, kwa hiyo hununui pawasaplai. Faida ya pili ni kwamba upande mmoja wa spika ni ethi, hivyo ile shida ya pleti haipo.

Wanaoikosea huikosea kwenye volti. Wati 70 inazozitoa kwa omu 8 zinapatikana kwa volti 35 kila upande. Kwa omu 4, wati hizohizo 70 zinapatikana kwa 27. Ukiilisha 35 na kuipa omu 4, huongezi wati. Unaongeza joto mpaka inajizima. Transfoma ya AC ya 25 mara mbili hutoa karibu 35, hivyo inafaa spika ya omu 8 tu. Mgongo wa chipu umeunganishwa na volti hasi, kwa hiyo kati yake na hitisinki lazima kuwe na karatasi ya mika na pete ya plastiki kwenye skrubu. Pima kwa mita kabla ya kuwasha. Hitisinki yenyewe iwe nje ya boksi, kubwa, mapezi yakiwa wima. Kuifungia hii chipu ndani ya boksi lisilopumua ni kuipika.

Chipu bandia za TDA7294 zimejaa sokoni. Washa mara ya kwanza ukiwa umeunganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo na umeme wa ukutani, spika ikiwa haijaunganishwa. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Kisha pima DC kwenye kutolea. Zaidi ya milivolti 100 usiunganishe spika. Tofauti na TPA3116D2, haina ulinzi wa DC kwa spika, kwa hiyo nunua na bodi ndogo ya rilei ya kulinda spika. Bila hiyo tunaipa alama ndogo, hata sauti yake iwe tamu kiasi gani.

TPA3255: pale inchi 12 zinapodai haki yake

Kwa spika ya omu 8, hapa ndipo penye jibu. Chipu hii nayo ni ya Texas Instruments, inafika volti 53.5. Kwa 48 na omu 8 njia moja tu ya bodi ya stereo inatoa kama wati 130. Kwa omu 4 inakaribia 250. Haina haja ya kuunganisha njia mbili pamoja, tumia moja na uache nyingine bila spika. Pawasaplai ya kuiendesha ni kama Mean Well LRS-350-48, ya volti 48 na ampea 7.3, ambayo ina feni. Feni hiyo huwaka kwa joto tu, lakini inahitaji hewa, na ndani ya boksi la sabufa hakuna. Iweke nje ya boksi, kwenye kasha lake la chuma lenye matundu, halafu peleka waya za milimita za mraba 2.5 ndani.

Kasoro yake ni kwamba inaweza kuiua spika. Spika iliyokuja na amplifaya ya wati 100 ikiunganishwa na 250, hakuna ulinzi wowote wa chipu utakaoona kosa, kwa sababu hakuna kosa: inafanya kazi yake. Punguza kwa kipimo. Cheza sauti ya hezi 50 kutoka kwenye simu kwa sekunde chache, weka mita kwenye volti za AC kati ya matundu mawili ya spika, na ongeza taratibu. Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28. Kwenye omu 4 ni 20. Ukifika hapo, weka alama kwenye kifungo, au bora zaidi weka rizista kwenye mlango wa sauti ili kifungo kikiwa mwisho kisizidi hapo. Watoto na wageni hawasomi alama.

Kwa TPA3116D2 kipimo hichohicho kitagota kwenye volti 15 hivi, iwe spika ni ya omu 4 au 8, kwa kuwa kinachoizuia ni pawasaplai. Mita ikiacha kupanda huku kifungo kinaendelea kuzunguka, unachoongeza ni mpasuko wa sauti tu.

Ukimaliza kufunga, bado kuna mambo mawili ya dakika tano. Mvumo wa hezi 50 usiotoka hata ukishusha sauti mara nyingi unaletwa na waya wa antena au wa dishi: chomoa waya huo nyuma ya televisheni au dekoda. Ukinyamaza, tafuta kitenganishi cha antena, lakini usikate ethi ya sabufa. Na kabla ya kukaza skrubu za mwisho, kaa unapokaa siku zote, piga wimbo wenye besi inayotembea, mtu abadilishane waya mbili za spika. Upande unaojaza zaidi mahali ulipokaa ndio sahihi, hata kama rangi za waya zinasema vingine.